Kabla hujachemsha jani, fua kitambaa

Oda yangu ya kwanza ya maana ilikuwa vitambaa vya meza 24 vya hoteli moja ya ufukweni. Walitaka njano, tena ya asili, nami nikawapa njano: manjano ya kusaga ya sokoni, sufuria kubwa, kuni, saa moja motoni. Vilitoka vinawaka hata jirani akapita kuniuliza kama nimepata tenda ya Yanga. Wiki ya pili simu ikaita. Dobi wao kavifua kwa sabuni ya unga, vikageuka rangi ya kutu ndani ya beseni. Alipovisuuza vikarudia njano yao, akaanika juani, na kufika alasiri upande uliotazama jua ulikuwa umepauka kama kitambaa cha kuchujia tui. Nikarudisha hela, nikabeba vitambaa vyangu kwenye kiroba.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, hasa mliotoka kwenye batiki ya kostiki na haidro, zile dawa za kiwandani za kuyeyushia rangi, ambako rangi ya kopo hukupa jibu palepale. Huku kwenye mimea jibu huchelewa, na mara nyingi linakuja wewe ukiwa umeshalipwa.

Manjano yana tabia mbili ambazo sikuzijua. Yakikutana na kitu chenye magadi, na sabuni ya unga ni hivyo hivyo, hugeuka wekundu wa matofali. Ukikamulia ndimu yanarudi. Hilo ni mchezo wa kuwafurahisha watoto, halina madhara. La pili ndilo lenye hasara: jua linayala. Hakuna shabu (jiwe la kushikisha rangi) wala chumvi itakayoyaokoa. Rosela na biti ni ndugu zao. Utachemsha rosela upate wekundu wa kupendeza kabisa, ukisuuza inakuwa zambarau, ukifua inakuwa kijivu cha moshi. Kinachoacha doa kwenye kanzu si lazima kiwe rangi ya nguo, na mimi ningependa mtu angeniambia hivyo kabla ya zile meza 24.

Mimea ya kuanzia, basi, iko kwenye jaa la mtaa wako. Maganda makavu ya vitunguu: ongea na mama lishe au wauza chipsi, waachie mfuko, upitie kila Jumamosi. Yanatoa njano iliyoelekea dhahabu hadi kahawia ya chungwa. Majani ya mwembe yanatoa njano tulivu inayovumilia jua kuliko manjano mara nyingi. Kokwa na maganda ya parachichi hutoa waridi, ukiyapasha taratibu bila kuyatokosa. Yakitokota sana waridi hukimbilia kahawia. Makumbi ya nazi na majani ya chai yaliyokwisha kutumika ni ya hudhurungi. Hina inashika vizuri kwenye hariri na sufu, kwenye pamba ni ya kubembeleza. Piko msiniulize: ile inayouzwa madukani ni dawa ya nywele ya kiwandani, inaunguza ngozi, haihusiani na kazi hii hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kitambaa, maana hapo ndipo wengi mnapotaka kupita mbio. Mwanafunzi akija kwangu na gunia la majani namwambia aliweke kivulini, tuanze na ndoo.

Nunua marekani au bafta, na uhakikishe ni pamba. Chomoa nyuzi mbili, ziwashe kwa kiberiti. Pamba hunukia karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikaacha donge gumu jeusi. Muuza duka atakuapia kwa Mungu kuwa ni pamba tupu. Kiberiti hakiapi. Poliesta haitakunywa rangi ya jani hata uichemshe mpaka Idi.

Pima kitambaa kikiwa kikavu, uandike uzito. Hesabu zote zinazofuata ni za kilo moja ya kitambaa. Weka magadi, yale ya kupikia maharage yanafaa, gramu 20 hadi 30, na sabuni kidogo isiyo na marashi, uchemshe saa nzima kitambaa kikielea kwa nafasi. Chungulia maji baadaye. Kitambaa kilichokuwa cheupe na safi dukani kitakutolea maji ya rangi ya chai ya rangi, wakati mwingine na utando wa mafuta juu yake. Ule ni wanga wa kiwandani na nta ya pamba yenyewe. Usipoutoa, rangi itakaa juu ya nta, nawe utaanika mabakamabaka ukidhani jani ndilo baya. Marekani ambayo haijapaushwa mimi huichemsha mara mbili.

Pamba ina shida ya pili. Hariri na sufu hupokea shabu moja kwa moja, lakini pamba inataka kutangulizwa ukakasi, ule unaokaza ulimi ukila ganda la komamanga au korosho bichi. Ukakasi hushika pamba, shabu hushika ukakasi, rangi hushika shabu. Wanashikana mkono kwa mkono. Chukua maganda makavu ya komamanga gramu 150 hadi 200, yaponde, yachemshe, chuja, kisha laza kitambaa humo usiku kucha. Asubuhi kamua, usisuuze sana. Kitakuwa kimeingia unjano hafifu, ndivyo kilivyo.

Shabu ni ile ile ya kinyozi, inauzwa kwa mawe kwenye maduka ya dawa za asili. Gramu 150 hadi 200, saga, yeyusha kwa maji ya moto. Pembeni yeyusha magadi gramu 20. Halafu mimina magadi kwenye shabu kidogo kidogo, kwenye chombo kikubwa. Mara ya kwanza nilimimina yote kwa mkupuo ndani ya sufuria iliyokaribia kujaa, na povu likainuka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, likafurika, likazima jiko, likatambaa hadi kwenye ndala za mgeni. Maji yakitulia ongeza maji ya uvuguvugu, tumbukiza kitambaa, kigeuze geuze saa ya kwanza, kisha kiache mpaka kesho. Kuna watu watakushauri mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, badala ya shabu kwa sababu unakoleza kijani. Mimi siutumii. Maji yake ni sumu kwa samaki, na kwangu maji yote yanaishia mtaroni, mtaro unaishia baharini.

Baada ya hapo kupaka rangi ni kama kupika mchuzi. Maganda ya vitunguu nusu ya uzito wa kitambaa yanatosha, ukitaka ikolee weka uzito sawa kwa sawa. Chemsha, chuja, rudisha kitambaa kikiwa kimelowa, moto mdogo, saa moja, uache kipoe humo humo. Kitambaa kikavu kikitupwa kwenye rangi hunywa kwa pupa pale kinapogusa kwanza. Na sufuria za kazi hii zisirudi jikoni. Mimi zangu nimezitoboa mpini ili asijitokeze shemeji wa kuzibeba kwenye shughuli.

Kuchapa nilijifunza kwa bahati mbaya. Kwenye chupa ya siki nilikuwa nimelaza misumari yenye kutu wiki mbili, kifuniko kimelegezwa maana kuna hewa inayotoka. Yale maji ya kutu hugeuza njano kuwa kijani cha zeituni na hudhurungi kuwa karibu na nyeusi. Siku hiyo nilikuwa nayachuja. Kwenye kamba kulikuwa na kitambaa kimetoka kwenye komamanga, bado hakijaenda popote. Mvua ikaanza, nikakimbia, nikakikamata kwa mkono wenye maji ya kutu ili nikiondoe. Nilipokikunjua ndani ya nyumba palikuwa na vidole vitano vya kijivu, vinazidi kuwa vyeusi mbele ya macho yangu, mpaka mikunjo ya kiganja inasomeka. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa ndimu, vikafifia tu, havikutoka.

Nilikaa nikavitazama muda mrefu. Kumbe nilikuwa nahangaika miezi kuchapa kwa rangi yenyewe, napika majani mpaka yawe mazito kama asali, nagonga kibao, nafua, kinatoka chote. Kinachotakiwa kuchapwa ni kile kinachoshika rangi. Rangi inakuja baadaye kwenye sufuria, na inajua pa kukaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kitambaa kipite kwenye magadi na ukakasi, kikauke, ukipige pasi. Pika uji mzito wa wanga wa muhogo, uchuje kwa kitambaa chepesi usiwe na vidonge, ugawe mabakuli mawili. Moja tia maji ya kutu, jingine tia shabu iliyoyeyushwa. Upike wa siku hiyo hiyo, kwa sababu siki huufanya uji kuwa majimaji ukilala. Uji wa shabu hauonekani kitambaani, kwa hiyo udondoshee tone la rosela ili uone ulipogonga. Itafutika yenyewe baadaye. Kibao cha mninga kilichochongwa na fundi ni kizuri, ila kwa kuanzia kata soli ya malapa, ichonge kwa wembe, igundishe kwenye kipande cha mbao. Chini ya kitambaa tandika blanketi. Meza ngumu hutoa chapa yenye madirisha. Usichovye kibao kwenye bakuli, ila mwaga uji kwenye sponji, ugonge sponji ndipo ugonge kitambaa.

Acha kikauke siku mbili tatu. Kisha kuna hatua ambayo wageni hukunja pua: ndoo ya maji ya moto na konzi moja ya samadi ya ng'ombe, dakika kumi na tano. Samadi inanasa ile dawa iliyobaki legelege kabla haijaparamia sehemu nyeupe. Viwanda vya Ulaya vya kuchapa vitambaa karne ya 18 na 19 vilitumia samadi hiyo hiyo, kwa hiyo asikucheke mtu. Suuza sana, halafu kitie kwenye sufuria ya maganda ya vitunguu. Palipogongwa shabu patatoka dhahabu, palipogongwa kutu patatoka kijani kilichokaribia weusi, na pasipogongwa patabaki unjano hafifu wa komamanga. Sufuria moja, rangi tatu. Bado hunisisimua.

Tahadhari ya kutu: inakula pamba. Ikiwa kali mno, baada ya mwaka mmoja miwili ua lako litadondoka kutoka kwenye kitambaa likaacha tundu lenye umbo lake. Fanya iwe hafifu kuliko unavyodhani inatakiwa. Na mwiko wa kutu uwe na alama yake. Tone moja kwenye sufuria ya njano, njano imekwisha.

Nili, ile rangi ya buluu ya mmea, nitaigusa tu. Haichemshwi na haitaki shabu. Inataka pipa lisilo na hewa, chokaa na sukari ya matunda, na subira ya mtu anayelea mtoto mchanga. Kitambaa hutoka kimelowa kijani na kubadilika kuwa buluu kikikutana na upepo. Usianze nayo mwaka wa kwanza.

Kuhusu magome, mtaambiwa mkoko unatoa wekundu mzuri wa udongo, na ni kweli. Mikoko yetu imehifadhiwa kisheria, na mti uliozungushiwa kisu gome lote kwa kawaida hufa. Ukihitaji gome la mwembe au mzambarau, subiri watu wakate matawi. Kwa mizizi kama mdaa, ambao wasukaji wa mikeka hutia nao weusi kwenye ukili, kaa na hao wasukaji uwaulize wanavyochimba. Wengi wanajua kuacha mti ukiwa hai.

Maji nayo yana neno. Kisima cha pwani kilichochimbwa kwenye mawe ya chokaa hakitakupa rangi ile ile ya maji ya mvua, kwa hiyo kila sufuria iandikwe kwenye daftari: uzito, jani, maji ya wapi, dakika ngapi. Bana na kipande cha kitambaa chenyewe. Mteja akirudi baada ya miezi sita anataka "ile ile", daftari ndilo litakalokutetea.

Na kabla ya kuuza chochote, kata kipande, nusu yake ifunike kwa karatasi ya fedha ya jikoni, kibandike dirishani linalopigwa na jua wiki mbili. Kingine kifue mara tano kwa sabuni ya unga, kama dobi wa hoteli. Ukiona mabadiliko mwambie mteja kabla hajatoa hela, na umwandikie: sabuni ya kipande, uanike kivulini. Wako watakaoondoka.

Vile vitambaa 24 nilivitoa kwenye kiroba baada ya karibu mwaka. Nilivichemsha kwa magadi mpaka manjano yakaisha, nikavianza upya, ukakasi, shabu, majani ya mwembe. Ishirini na tatu vimeuzwa. Kile cha ishirini na nne ndicho kilichokamatwa na vidole siku ya mvua. Kiko mezani kwangu, na mgeni akiweka kikombe cha chai juu yake hunishauri nikifue.