Baba hataki nijiandikishe NIDA, nifanyeje?

Mdogo wangu wa Mbagala nimekusoma, una miaka 19, mzee anasema kitambulisho cha taifa, hiki kinachotolewa na NIDA, ni cha kufuatilia watu, na laini unayotumia ni ya jina la rafiki. Kwanza usibishane nae kwa hasira, hofu yake ina msingi kabisa, alama za vidole sio kitu cha kutoa ovyo, ndo maana ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mwelezee hilo taratibu mkiwa mmetulia. Ila mi nakushauri ujiandikishe. Hapa mjini laini, benki, TIN (namba ya mlipa kodi), pasipoti, kote wanataka ile namba ya NIDA, na hela yako kwenye laini ya mtu siku mkikosana unadai vipi?

Anzia serikali ya mtaa upate barua, beba cheti cha kuzaliwa, vya shule na kitambulisho cha mzazi (hapo ndo utamhitaji mzee). Kabla hujasaini fomu kagua majina herufi kwa herufi, mimi langu lilikosewa herufi moja tu nikazunguka miezi. Kama vyeti vyako vinapishana majina muone wakili kwanza akuandalie kiapo. Namba ikitoka ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, zikague, na unaitumia hata kadi haijatoka. Vishoka wa nje ya ofisi usiwape hela wala picha ya vyeti vyako, usajili wa mara ya kwanza ni bure.