Barua kwa mwanangu: akili, hisia na picha mbili za Louvre

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unasema mhadhiri wenu amewachorea jedwali, urasimi mpya, yaani sanaa ya kufuata kanuni za kale, upande wa akili, na ulimbwende, yaani sanaa ya msanii kufuata anachokiona mwenyewe, upande wa hisia, lakini wewe kila ukiitazama picha ya David, Kiapo cha Ndugu Horatii, koo linakukaba. Unauliza kama umekosea wewe au limekosea jedwali. Limekosea jedwali. Litakufaa usiku wa kuamkia mtihani, ila halikusaidii kuisoma hata picha moja.

Tuanze na hiyohiyo. Jacques-Louis David aliichora Roma mwaka 1784, kwa agizo la serikali ya mfalme wa Ufaransa, na mwaka uliofuata ikaoneshwa Paris. Wakati ule Ulaya ilikuwa imeshikwa na mapenzi ya mambo ya kale. Miji ya Herculaneum na Pompeii, iliyofukiwa na volkano, ilikuwa ikifukuliwa tangu 1738 na 1748, na Johann Winckelmann, mwanahistoria wa sanaa, alishawaaminisha wengi kwamba anayetaka ukuu awaige Wagiriki wa kale. David akachagua kisa cha Roma. Ndugu watatu wananyoosha mikono kuapa kuupigania mji wao, baba yao ameinua panga tatu, na macho yako yanavutwa hadi kwenye mkono ulioshika panga hizo. Nyuma yao kuna matao matatu yasiyo na pambo. Kila kitu kimepimwa.

Sasa peleka jicho kulia. Wanawake wamelegea kwa huzuni. Mmoja ameolewa na mmoja wa hao ndugu Horatii, na ndugu zake wa damu ndio Curiatii, maadui wanaokwenda kupigwa. Mwingine ni dada wa hawa wanaoapa, naye ameposwa na mmoja wa maadui. Yeyote atakayeshinda, msiba ni wao. Nyuma yao mwanamke mwingine amewakumbatia watoto, na mtoto mmoja anawachungulia wanaume. Hisia zimejaa tele humo, na koo lako halikudanganyi. Ila David ameziweka pembeni, zimeinama, na wajibu wa umma umesimama wima katikati. Mrasimi hakuzifukuza hisia. Alizipa bwana wa kuzitawala.

Halafu nenda kwa mlimbwende Théodore Géricault, kwenye picha yake Rafu ya Medusa, ya mwaka 1819. Mwezi Julai 1816 meli ya Kifaransa Méduse ilikwama kwenye mchanga nje ya pwani ya Mauritania. Nahodha alikuwa hajasafiri baharini kwa miaka mingi. Cheo alikipata kwa utiifu wake kwa mfalme. Mashua hazikutosha, wakapakiwa watu karibu 150 kwenye rafu ya mbao, kisha kamba ya kuivuta ikaachiwa. Baada ya siku 13 walipatikana 15 tu wakiwa hai. Géricault akakichora kisa hicho kwenye turubai ya karibu mita tano kwa saba, ukubwa uliozoeleka kutengewa mashujaa na wafalme. Kwenye rafu hiyo hakuna mfalme, hakuna kiapo, hakuna mji wa kufia. Aliye juu kabisa, anayepunga kitambaa kuelekea meli iliyo mbali mno, ni mtu mweusi. Mimi naona huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika picha ile.

Na usidhani aliichora kwa jazba tu. Aliwahoji walionusurika, akamtumia seremala wa meli ileile kumtengenezea mfano wa rafu, akachora maiti na viungo vilivyokatwa ili aijue rangi ya mauti. Itazame miili yenyewe: watu waliokufa njaa wana misuli ya sanamu za Kigiriki! Géricault alisomea kwa Guérin, mchoraji wa kirasimi, na mafunzo yale hayakumtoka. Ndiyo maana mstari wa katikati wa lile jedwali siuamini.

Katika ushairi utaona vivyo hivyo. Wordsworth, mshairi wa Kiingereza, katika dibaji yake ya mwaka 1800, alisema ushairi ni hisia kali zinazofurika zenyewe. Wengi hunukuu hapo na kuishia hapo. Lakini palepale anasema mshairi lazima awe amefikiri sana na kwa muda mrefu, na kwamba hisia hizo hukumbukwa moyo ukiwa umetulia.

Ugomvi wenyewe wa warasimi na walimbwende ulikuwa juu ya nani mwenye mamlaka: kanuni zilizorithiwa, au msanii na alichokiona. Paris, Februari 1830, tamthilia ya Victor Hugo, Hernani, ilizua zogo ukumbini. Mshororo wa Kifaransa wa tamthilia ulikuwa na mizani 12, sita ukwapi na sita utao, na maana ilitarajiwa ikamilike mwishoni mwa mshororo. Hugo akaufunga mshororo wake wa kwanza kwa neno "ngazi", na "ya siri" akaiangushia mshororo wa pili. Watetezi wa kanuni waliona wametukanwa.

Najua utataka kulinganisha na mabishano yetu ya mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, baada ya Kezilahabi kutoa diwani yake Kichomi mwaka 1974. Linganisha, lakini taratibu. Hugo aliasi kanuni zilizolindwa na chuo cha taifa na jumba la maonesho la taifa. Vina na mizani vyetu, hata kabla Amri Abedi hajaviandikia sheria mwaka 1954, vilikuwa vikiishi midomoni mwa watu, vikiimbwa harusini na misibani. Ukimwita Kezilahabi mlimbwende, nionyeshe beti zinazothibitisha. Mimi naona maswali yake kuhusu maisha na kifo yanamvuta kwingine kabisa.

Nitumie rasimu ya insha kabla hujaikabidhi.

Mama yako