Nazima kila jioni, mbona inagoma?

SWALI: Mafundi wa ofisini kwetu wana dawa moja tu: "Umezima ukawasha?" Nazima kompyuta kila jioni, na asubuhi printa inagoma vilevile. Wananitania?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hawakutanii, ila wameuliza nusu swali. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibofya "Shut down" kompyuta kwa kawaida haizimiki yote. Inafunga programu zako, halafu inahifadhi kiini cha mfumo pamoja na draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa) kwenye diski, katika faili la hiberfil.sys, ili kesho iwake upesi. Draiva ya printa iliyolala na wazimu wake huamka nao. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha CPU, usome "Up time", yaani muda tangu ianze upya kweli. Ukikuta siku 19, mchawi umempata.

Siku moja moja, shikilia Shift huku ukibofya "Shut down". Ukichoka nayo, nenda Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", fungua mipangilio iliyofungwa, uondoe tiki kwenye "Turn on fast startup". Kwa mwenye SSD (diski ya kasi), hasara ni sekunde chache tu.

Bado inagoma? Tazama waya, kabla fundi hajakuuliza.