Fokasi Kwenye Kidole Gumba: Majibu kwa Waliouliza Kuhusu Kitufe cha Nyuma cha Kamera

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Mimi hupiga picha za harusi kwa kamera ya Canon EOS 2000D yenye lenzi ya milimita 50, f/1.8. Tatizo langu hujitokeza bibi harusi anapoingia ukumbini. Ninamlenga usoni vizuri, lakini ninapobonyeza ili nipige, fokasi, yaani ukali wa picha, hurukia mapambo ya jukwaani au mgongo wa mtu aliyekatiza mbele yangu, na bibi harusi anatoka na ukungu. Mpiga picha mmoja mwenye uzoefu amenishauri nihamishie fokasi kwenye kitufe cha nyuma chenye alama ya nyota. Nilijaribu siku moja, vidole vikanichanganya, nikarudisha mpangilio wa zamani. Je, jambo hili lina faida ya kweli, au ni mazoea tu ya watu?

JIBU: Ndugu msomaji wa Tanga, salamu zimefika. Faida ipo, na kwa kazi yako ni kubwa, kwa sababu hilo ulilolieleza ndilo hasa kitufe cha nyuma kinaloliondoa.

Kamera inapotoka kiwandani, kitufe cha kupigia picha huwa kimepewa kazi mbili. Ukikibonyeza nusu, kinatafuta fokasi, ukikimalizia, kinapiga. Maana yake ni kwamba kila unapotaka picha nyingine unailazimisha kamera iamue upya ni kitu gani kiwe kikali, hata kama sekunde moja iliyopita ilikuwa imekwisha kuamua sawasawa. Bibi harusi hajasogea, wewe hujasogea, lakini shangazi mmoja amepita na kitenge chake akielekea kutunza, na kidole chako kikagusa kitufe wakati uleule; kamera imetii amri uliyoipa, ikamlenga shangazi. Kuhamishia fokasi nyuma ni kuzitenganisha hizo kazi mbili: kidole gumba kinaamua nini kiwe kikali, na kidole cha shahada kinaamua ni wakati gani picha ipigwe.

Wazo hili si jipya. Fokasi ya kujiendesha ndani ya mwili wa kamera ilianza kuenea baada ya Minolta kuitoa kamera yake ya 7000 mwaka 1985, na mwaka 1989 tayari Canon EOS 630 ilikuwa inamruhusu mwenye kamera kuiondoa fokasi kwenye kitufe cha mbele na kuiweka nyuma. Walioipokea mapema ni wapiga picha wa michezo, ambao kukatiziwa mbele na mchezaji mwingine au mwamuzi ni jambo la kila dakika.

Sasa tushike kamera yako. Zungusha gurudumu la juu hadi kwenye P, Tv, Av au M, kwa sababu katika aina za upigaji za kujiendesha zenyewe mpangilio huu hautokei kabisa. Ingia kwenye menyu, tafuta sehemu ya C.Fn, yaani mipangilio maalumu, usogee hadi ukurasa unaohusu kitufe cha kupigia picha pamoja na kitufe cha nyota. Utakuta machaguo manne, kuanzia 0 hadi 3. Watu wengi huambiwa wachague 1, na hapo ndipo wanapopata tatizo lingine wasilolijua chanzo chake: katika chaguo la 1 nyota inashika fokasi, lakini kitufe cha mbele kikibonyezwa nusu kinafunga kipimo cha mwanga. Bibi harusi anatoka mlangoni penye giza anakwenda jukwaani penye taa kali, nawe umeshikilia kitufe nusu tangu mlangoni. Uso utaungua kwa mwanga. Chagua 3. Hapo nyota inashika fokasi na kamera inapima mwanga papo hapo picha inapopigwa, na hiki ndicho kinachofaa kwa mtu anayetembea, anayesimama, kisha anatembea tena.

Baada ya hapo weka fokasi kwenye AI Servo, yaani fokasi inayoendelea kumfuata anayesogea, na kati ya nukta 9 za fokasi za kamera yako chagua moja tu, ile ya katikati, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine. Kuanzia hapo, ukishikilia nyota, kamera inamfuata bibi harusi hatua kwa hatua. Ukiinua kidole gumba, fokasi inaganda pale ilipofikia. Mtu akikatiza, inua kidole. Akishapita, bonyeza tena. Hata hivyo usiache kidole juu kwa muda mrefu wakati bibi harusi anaendelea kutembea, kwa kuwa umbali kati yenu unabadilika huku fokasi imebaki nyuma. Na anapofika jukwaani na kusimama, mlenge machoni, bonyeza nyota, iachie, panga picha yako utakavyo kwa kumsogeza pembeni au kuingiza mapambo, kisha piga hata picha kumi bila kuigusa fokasi tena. Ujue tu kwamba ukiwa kwenye AI Servo kamera hailii mlio wa kukuthibitishia kuwa fokasi imepatikana, kwa hiyo ni jicho lako kwenye kitundu cha kutazamia ndilo linalothibitisha.

Kuna tahadhari moja inayotokana na lenzi yako. Ukiifungua hadi f/1.8, yaani tundu lake likiwa wazi kabisa, na kumpiga picha mtu aliye mita 1.5 kutoka kwako, sehemu itakayokuwa kali ina kina cha takribani sentimita 6 tu, mbele na nyuma ya pale ulipolenga. Macho yakiwa makali, masikio yamekwisha kufifia. Sasa fikiria umeifunga fokasi kwa kidole gumba, kisha ukapumua, ukaegemea mbele kidogo ili upange picha: sentimita 3 au 4 zimekwisha kwenda, na macho yamefifia bila mtu yeyote kukatiza. Kwa umbali mfupi namna hiyo, usiiachie nyota. Hamisha nukta ya fokasi iangukie jichoni, endelea kushikilia, na upige. Au funga tundu la lenzi hadi f/2.8 au f/4 ikiwa taa za ukumbi zinaruhusu.

Ukumbi ukiwa na giza sana utakuta AI Servo inatafutatafuta bila kutulia. Sababu mojawapo ni kwamba ule mwanga wa kusaidia fokasi unaotoka kwenye flashi hauwaki katika AI Servo. Unawaka katika One Shot, ile aina ya fokasi inayoshika mara moja na kutulia. Kwa hiyo wakati wa kukata keki taa zikiwa zimezimwa, hamia One Shot, lenga mahali penye mpaka wa giza na mwanga, kama ukingo wa shela kwenye paji la uso, na si kwenye weupe mtupu wa gauni, maana kamera haioni cha kushika kwenye kitambaa kisicho na mstari wala kivuli.

Kitufe cha nyuma hakitaponya picha iliyotikisika. Kama kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ni 1/60 ya sekunde na bibi harusi anacheza, ukungu utakaouona ni wa mwendo wake. Kwa anayetembea anza na 1/250, na kwa wanaorukaruka kwenye muziki panda hadi 1/500, hata kama itakulazimu kuongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na kukubali chembechembe kidogo. Ili kujua ukungu ni wa aina gani, ikuze picha kwenye kioo cha kamera: kama kuna kitu kingine ndani ya picha ambacho ni kikali, mfano ua lililo nyuma, basi fokasi ilikosea, kama kila kitu kimevutika upande mmoja, kamera ilitikisika.

Kuhusu vidole kukuchanganya, siku moja haitoshi. Mkono wako umefanya kazi kwa njia moja kwa miaka, nao hautabadilika kwa saa chache. Weka vikombe viwili mezani, kimoja mbele na kingine nyuma kwa umbali wa hatua moja, kisha jifunze kukamata cha mbele, kuachia, kupiga, kukamata cha nyuma, kuachia, kupiga. Fanya hivyo kila jioni kwa dakika kumi, halafu toka nje ukawafuate watoto wanaocheza. Kwa watu wengi niliowafundisha, wiki mbili zimetosha. Ninakusihi tu usianze kuutumia mpangilio huu kwa mara ya kwanza kwenye harusi ya mtu, kwa sababu siku ile hairudiwi.

SWALI: Mimi ni dereva na mwongoza watalii, ninaishi Karatu. Natumia Nikon D7200 na lenzi ya Nikon ya milimita 200 hadi 500, f/5.6. Nimekwisha kuipa kitufe cha AE-L/AF-L kazi ya AF-ON, yaani kuanzisha fokasi, na ninakipenda, lakini nina mambo mawili. Duma akiwa amekaa kwenye nyasi ndefu, fokasi hushika nyasi. Pili, nikishikilia kitufe cha nyuma naona picha inacheza kwenye kitundu kana kwamba kituliza mtikisiko hakifanyi kazi. Je, lenzi yangu ni mbovu?

JIBU: Lenzi yako ni nzima. Katika mfumo wa Nikon unaotumia, kituliza mtikisiko, yaani VR, huamshwa na kitufe cha kupigia picha kinapobonyezwa nusu. Kitufe chenye kazi ya AF-ON hakikiamshi. Kwa hiyo kidole cha shahada kisilale: kiweke nusu kwenye kitufe cha mbele sekunde moja kabla ya kupiga, picha itulie, ndipo umalizie. Kwa kuwa umekwisha kuiondoa fokasi mbele, kubonyeza nusu hakutaisogeza fokasi hata kidogo.

Nyasi hushikwa kwa sababu zipo karibu zaidi na zina mistari mikali inayoivutia kamera kuliko manyoya laini ya duma. Tumia nukta moja badala ya kundi la nukta, ipenyeze kati ya majani hadi iangukie jichoni au kwenye ule mstari mweusi unaoshuka kutoka kwenye jicho, bonyeza, na mara tu jicho linapokuwa kali, achia. Kuanzia hapo upepo uvume, majani yalale na kuinuka, fokasi yako haiondoki. Akiinuka na kuanza kutembea, shikilia tena mfululizo ukiwa kwenye AF-C, yaani fokasi ya kufuatilia ya Nikon.

Angalia umbali. Kwa milimita 500 na f/5.6, duma aliye mita 20 kutoka kwako ana kina cha ukali kisichofika sentimita 40. Gari likisogea nusu mita ili mgeni wa kiti cha nyuma aone vizuri, fokasi uliyoifunga haifai tena, na ni lazima ubonyeze upya. Zima injini, laza lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani, na waombe wageni wasitembee ndani ya gari. Saa sita mchana, joto linapopanda kutoka ardhini na mnyama akaonekana kana kwamba yuko nyuma ya maji, hakuna kitufe kitakachosaidia. Subiri jioni au msogelee kwa njia iliyoruhusiwa.

SWALI: Kamera yangu ya Sony haina kioo cha ndani na hulitambua jicho la mtu yenyewe. Je, bado ninahitaji kitufe cha nyuma? Tena, nikimpa ndugu yangu kamera anipige, picha zote zinatoka na ukungu. Msomaji, Nairobi.

JIBU: Kwa picha ya mtu mmoja anayekutazama, hitaji limepungua sana, na sitakushawishi ubadilishe kinachokufaa. Linarudi pale ambapo unachokitaka si uso. Unapiga pete kwenye vidole vya maharusi, na nyuma yake zipo nyuso mbili: kamera itakimbilia nyuso. Unapiga mikono ya bibi anayesuka ukili, naye ameinama juu ya kazi yake, ni yaleyale. Ukiwa umezima kipengele kinachoruhusu kitufe cha mbele kushika fokasi, unalenga pete au ukili, unabonyeza AF-ON, unaachia, na kamera haina nafasi ya kubadili uamuzi wako.

Ukungu wa picha anazopiga ndugu yako unatokana na hilohilo: anabonyeza mbele kama alivyozoea, na hakuna anayetafuta fokasi. Hifadhi kwenye kumbukumbu ya kamera mpangilio mmoja ambao kitufe cha mbele kinafanya kazi zote mbili, na uhamie huko kabla ya kumkabidhi. Msomaji wetu wa Tanga anayo njia fupi zaidi, kwani akizungusha gurudumu la Canon yake hadi kwenye alama ya kijani ya kujiendesha, fokasi hurudi mbele yenyewe, na akilirudisha kwenye Av nyota inaendelea na kazi yake kama alivyoiacha.