Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Sini Peke Yake?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu alitufundisha mgeuzo kamili wa Fourier, yaani njia ya kuivunja funksheni kuwa mawimbi, wenye sini na kosini kwa pamoja, kisha akagusia tu kwamba upo pia mgeuzo wa sini peke yake. Je, huo hutatua tatizo lolote la kweli, au ni wa mtihani tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Tofauti yote huanzia mahali pamoja: thamani ya sini kwenye sifuri ni sifuri, ilhali ya kosini ni moja. Mgeuzo wa sini huchukua funksheni f(x) inayoanzia x = 0 na kuendelea bila kikomo, huizidisha kwa sin(kx), ambapo k huonyesha wimbi linavyojirudia kwa haraka, kisha hujumlisha yote kwa intigrali ili kupata F(k). Ukiigeuza derivativu ya pili ya f, ambayo ndiyo imo katika mlinganyo wa kusambaa kwa joto, kwa njia hiyo hiyo, mradi f inafifia kwa mbali, utapata −k²F(k) + k·f(0). Kilichobaki mwishoni ni thamani ya f mpakani, wala si mteremko wake. Kwa hiyo ukijua halijoto ya uso wa ardhi na ukataka kujua joto linavyopenya chini, sini ndiyo chombo chako. Ukijua badala yake kiasi cha joto kinachopita kwenye uso huo, tumia kosini. Anayechagua kwa kubahatisha hubaki na kiasi asichokijua katikati ya mlinganyo.

Hata hivyo, matumizi ninayoyapenda zaidi ni ya vimiminiko na vioo. Katika fuwele, atomu zimejipanga kwa safu zinazojirudia, na eksirei zikipita humo huacha madoa makali yanayopimika moja moja. Maji na kioo havina safu hizo, kwa hiyo hutoa pete pana zilizofifia, ambazo mtu asiyezizoea angedhani hazina habari yoyote. Kwa kuwa kimiminiko hakina upande kinachoupendelea, mchango wa kila jozi ya atomu zilizo umbali r lazima uchukuliwe kwa wastani wa pande zote, na mwaka 1915 mwanafizikia Peter Debye alionyesha kwamba wastani huo ni sin(Qr) ikigawanywa kwa Qr, ambapo Q hukua kadiri pembe ya mtawanyiko, yaani pembe ambayo eksirei hukengeushwa na atomu, inavyokua. Hapa sini haikuchaguliwa na mtu. Imeletwa na umbo la tufe lenyewe.

Mwaka 1927 wanafizikia Frits Zernike na Jan Prins walionyesha jinsi ya kurudi nyuma: chukua mtawanyiko uliopimwa, ondoa sehemu ambayo ingetolewa na atomu zilizo peke yao, zidisha kwa Q, fanya mgeuzo wa sini, nawe utapata mchoro ambao vilele vyake huonyesha atomu jirani hukaa umbali gani. Katika maji, kilele cha kwanza kati ya oksijeni na oksijeni huangukia karibu na nanomita 0.28; katika kioo cha silika, silikoni na oksijeni hutengana kwa takriban nanomita 0.16.

Tatizo ni kwamba intigrali inadai Q isiyo na kikomo, na maabara haina kitu kama hicho. Eksirei zinazotolewa na shaba, kwa mfano, zina urefu wa wimbi wa nanomita 0.154, nazo haziwezi kuvuka Q ya takriban 82 kwa nanomita. Ukikata hapo ghafla, mchoro wako utajaa viwimbi bandia vinavyofuatana kila nanomita 0.08 hivi, na baadhi yake hufanana mno na vilele vya kweli. Kuna wanaovilainisha, lakini ulainishaji huo hupanua hata vilele halisi, kwa hiyo siupendi ukitumika peke yake. Fanya mgeuzo mara mbili, kwa Q za mwisho tofauti, na uilinganishe michoro hiyo: kilele kinachohama kila unapobadilisha mahali pa kukatia hakitokani na atomu yoyote.