Muulize Mwalimu: Mapendekezo 23, nianze na lipi?

*Safu hii hujibiwa na mwalimu mkuu mstaafu, mkazi wa Masasi.*

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu mkuu mpya wa shule ya msingi wilayani Newala. Tuna wanafunzi 640 na walimu tisa. Wadhibiti ubora wa shule walipita mwezi wa tatu wakaacha taarifa yenye mapendekezo 23. Nikaandika Mpango wa Maendeleo ya Shule unaogusa yote: utoro, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), vyoo, chakula, mitihani, mazingira. Walimu wakausoma, wakasaini, wakarudi madarasani. Muhula umeisha na sioni kilichosogea. Kila kikao nasema tuboreshe, na wenzangu wameshachoka kulisikia. Msimu wa korosho nao ndio huo unakuja, madawati yatabaki matupu. Nianzie wapi?
*Mwalimu Mkuu, Newala*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa uteuzi, na pole pia.

Mpango huo uweke kabatini kwanza. Usiuchane, Afisa Elimu Kata atauulizia. Ila walimu tisa wenye watoto 640 hawana mikono ya kushika mambo 23 kwa mkupuo, na wao walilijua hilo siku ile ile waliyosaini. Chukua kalamu uyagawe. Yapo yanayosubiri fedha za halmashauri, kama matundu ya vyoo. Yapo ya kuzungumza na wazazi, kama chakula. Na yapo yaliyo mikononi mwenu nyinyi walimu, ambayo hayahitaji kibali cha mtu.

Ya fedha yafuatilie kwa barua, lakini usiyafanye mwanzo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kwa kuwa sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika shuleni ni kama shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwako wewe ni 320,000. Humo utoe chaki, karatasi za mitihani, bawaba za milango. Choo hakitoki humo.

Katika yaliyo mikononi mwenu, chagua moja tu. Ningekuwa mimi ningechagua kusoma, darasa la pili. Mtoto akivuka hapo hajui kusoma, utamkuta kwenye upimaji wa darasa la nne, kisha utamkuta madarasa ya juu ameinamia swali la hisabati ambalo pengine angeliweza, ila hajui linauliza nini.

Sasa, kabla ya kuitisha kikao chochote, beba kiti ukakae nje, mwalimu wa darasa akuletee watoto mmoja mmoja. Kila mmoja akusomee aya fupi. Wewe mwenyewe, usimtume mwalimu wa taaluma. Nikiwa mwalimu mkuu huku Masasi nilikaa hivyo na kijana mmoja wa darasa la pili. Alisoma ukurasa mzima bila kigugumizi, sauti nzuri, kidole kinatembea kwenye mistari. Nikafunua ukurasa mwingine. Akaendelea na maneno yale yale ya ukurasa wa mwanzo, na kidole kinatembea vile vile. Alikuwa amekariri. Mwalimu wake ni mchapakazi kweli, lakini darasa lilikuwa na watoto wengi na walisoma kwa pamoja, kwa sauti moja, kama kwaya. Nani angemsikia?

Ukisikiliza watoto namna hiyo utaanza kuona mambo ambayo taarifa haiwezi kukuonyesha. Wapo wanaotembea vizuri kwenye ba, be, bi, wakifika kwenye *nywa* au *mbwa* wanasimama. Wapo wanaosoma *ng'ombe* na *ngoma* kwa mwanzo mmoja. Wapo wasiotambua herufi, na hao ni kazi nyingine kabisa. Andika kwenye daftari jina la mtoto na mahali alipokwama. Asilimia hazitakusaidia hapa, majina ndiyo yatakusaidia.

Halafu nenda kwa mwalimu wa darasa hilo na daftari lako, mkae wawili. Usimwambie ameshindwa. Muulize yeye anaonaje, kwa sababu anawajua wale watoto kuliko wewe. Mchague jambo moja dogo la kujaribu. Kwa mfano, kila asubuhi dakika kumi na tano, waliokwama kwenye silabi za konsonanti mbili na tatu wakae kundi lao na kadi za maboksi, huku wengine wakisomeana wawili wawili. Mpeane wiki tatu. Baada ya hapo rudi kwenye kiti chako, watoto wale wale, aya nyingine. Waliosogea wamesogea, hamieni kwenye tatizo linalofuata. Wasiposogea, badilisheni njia, wala mwalimu asilaumiwe kwa njia mliyoichagua pamoja. Panga, tenda, angalia, rekebisha, kisha anza tena. Viwanda vya Japani vilijengwa kwa mwendo huo, na walimu wa huko wana mwendo wao wa zaidi ya miaka mia moja: wanaandaa somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanakaa nyuma ya darasa kuwatazama watoto, kisha wanakaa kulijadili somo.

Utaniambia hiyo si ndiyo MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini? Ndiyo hiyo. Jumuiya ya kujifunza ya shuleni kwako imewekwa kwa kazi hiyo hasa, na inaniuma kuona katika shule nyingi imebaki kuwa daftari la mahudhurio: walimu wanakaa, mmoja anasoma moduli, wanasaini, wanatawanyika. Peleka kwenye jumuiya yenu wale watoto waliokwama *nywa*. Hapo mwalimu wa darasa la tano atakuwa na la kusema, kwa sababu anao wa aina hiyo darasani kwake.

Na wewe uwepo. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu uongozi wa shule, wakatazama ni lipi kati ya mambo anayofanya kiongozi linaendana zaidi na matokeo ya wanafunzi. Lililoongoza kwa mbali ni kiongozi kushiriki mwenyewe katika kujifunza kwa walimu wake. Kuandika malengo kulikuwa na nafasi yake, kutafuta vifaa pia, lakini kukaa na walimu na kujifunza nao kulizidi. Kwa hiyo siku ya jumuiya, ukipigiwa simu kwenda wilayani kupeleka takwimu, jitahidi uombe kupeleka kesho. Najua si rahisi. Omba hivyo hivyo.

Kuhusu korosho, usingoje Oktoba. Toa rejesta za mwaka jana, tazama ni madarasa gani na vitongoji gani watoto walipotea, na wiki zipi. Mara nyingi utakuta si shule nzima. Ni watoto wa mashamba ya mbali, ambao mzazi akihamia shambani kuokota hana wa kumwachia mtoto nyumbani. Huyo hatishiki na barua ya mtendaji. Anahitaji jirani au bibi wa kukaa na mtoto, na hilo hupangwa mwezi wa nane, watu wakiwa bado wanapalilia.

Na wazazi usiwaite shuleni msimu ukishaanza, hawatakuja, na si dharau. Wafuate ghalani. Siku wanapoleta mzigo chama cha msingi cha ushirika wanasubiri mizani kwa saa nyingi. Mwombe mwenyekiti wa chama dakika chache, uende na majina ya watoto, useme na mzazi mmoja mmoja pembeni. Mwambie mtoto wake alikuwa amefika wapi katika kusoma na sasa amesimama wapi. Mzazi wa Kimakonde ukimwambia habari ya mwanawe kwa jina atakusikiliza. Ukimhutubia habari ya utoro atakungoja umalize.

Jambo jingine ni unyago na jando. Nenda mapema kwa makungwi na wazee, mkubaliane shughuli ziishe ndani ya likizo ya Desemba, ili watoto wasikose wiki za mwanzo za Januari. Nenda kwa heshima, kama mtoto wa pale. Mila hii ni yetu.

Swali

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule huku Ruangwa. Kila tukimzoea mwalimu mkuu anahamishwa. Anayekuja anaanza upya na mambo yake, tuliyoyaanza yanakufa. Kamati ina nguvu gani?
*Mzazi, Ruangwa*

Jibu

Salama, ndugu yangu. Uhamisho hamuuzuii, lakini kumbukumbu mnaweza kuishika. Kamati iwe na daftari lake, likae kwa katibu au mwenyekiti wenu, na ndani yake yaandikwe machache tu: tunashughulikia nini mwaka huu, tulijaribu nini, kilisaidia nani. Mwalimu mkuu mpya akifika, msingoje awaite. Mwenyekiti amfuate wiki ile ile, akiwa na daftari mkononi, amweleze mlipofikia. Viongozi wengi wageni huanza mapya kwa sababu hakuna aliyewaambia ya zamani. Makabidhiano ya ofisi huwa ni ya mihuri, funguo na madawati. Ombeni kuwepo siku hiyo, na ombeni yaliyo katika daftari lenu yaingie kwenye hati ya makabidhiano.

Mkoa wenu ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa kuboresha elimu ya msingi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, na pengine shule yenu ilikuwa na UWW, ule Ushirikiano wa Wazazi na Walimu. Mradi umekwisha lakini wazazi mpo. Watafuteni waliokuwa wajumbe, wanajua kuongea na walimu bila ugomvi, na hilo peke yake ni mtaji.

Swali

Shikamoo. Ni mwalimu wa kawaida Kilwa, napenda siku moja niongoze shule. Nisome wapi?
*Mwalimu kijana, Kilwa*

Jibu

Marahaba. ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, makao yake Bagamoyo, wanatoa mafunzo ya uongozi na usimamizi wa elimu. Ruhusa ya masomo hupitia kwa mwalimu mkuu wako hadi kwa mkurugenzi, hivyo andika barua mapema. Wakati unasubiri, mwombe mwalimu mkuu akukabidhi kuratibu jumuiya ya kujifunza hapo shuleni. Wengi wanaikwepa, kwa hiyo sidhani kama atakunyima.