Mlezi mmoja wa kitaaluma, tena wa mbali, anatosha?

SWALI: Mimi ni daktari katika wodi ya watoto wachanga hapa Mombasa, huu mwaka wa tatu, na nina shahada ya uzamili ya epidemiolojia. Nataka kuchunguza kwa nini watoto waliozaliwa na uzito mdogo hupoteza joto wakiwa wodini. Profesa mmoja wa London, mwenye jina kubwa, amekubali kunilea kitaaluma. Je, anatosha kwa ombi la ufadhili wa watafiti chipukizi? Na mpango wa mafunzo niuandikeje?

JIBU: Daktari, profesa huyo usimwache, lakini peke yake hatoshi. Mtoto akishuka joto saa tisa za usiku na fomu isijazwe, kesho asubuhi utamwendea nani? Unahitaji mlezi wa pili papa hapa Pwani, anayeijua wodi na wauguzi wa zamu, na wa tatu wa takwimu. Kila mmoja aandike barua yake mwenyewe, aseme atakufundisha nini na mtakutana mara ngapi. Barua zikifanana neno kwa neno, wahakiki hujua ziliandikwa na mwombaji.

Soma pia masharti ya mfadhili mapema. K23, tuzo ya ufadhili ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH), ni ya raia na wakazi wa kudumu wa huko, basi usijisumbue nayo. K43, tuzo nyingine ya huko iliyoundwa kwa watafiti wa nchi za kipato cha chini na cha kati, imekuwa ikidai mlezi mmoja wa Marekani na mwingine wa nyumbani. Hapo London haikusaidii.

Mpango wa mafunzo uzaliwe na swali lako la utafiti. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Ukimpima kila baada ya saa tatu, kwa siku una vipimo vinane. Vipimo hivyo si vya watoto wanane! Ni vya mwili mmoja, na kipimo cha saa sita kinategemea cha saa tatu. Ukivichanganua kama vya watoto mbalimbali, matokeo yataonyesha uhakika ambao huna. Pengo lako liko hapo, basi liandike waziwazi: uzamili ulikupa nini, bado hujui kuchanganua vipimo vinavyorudiwa kwa mtu yuleyule, utajifunza kwa nani, mwaka gani, na ni sehemu gani ya utafiti itakayokwama usipojifunza. Ombi langu la kwanza lilikataliwa kwa sababu niliandika tu kwamba “nitahudhuria kozi za takwimu.” Wahakiki waliuliza: takwimu zipi, za kujibu nini? Iliniuma, na walikuwa na haki.

Linalonitia hofu zaidi kwako ni muda. K43 imedai angalau asilimia 75 ya muda wa kazi, yaani karibu siku nne kati ya tano. Nimeona madaktari hodari wakipata fedha kisha wakaandika data saa nne za usiku baada ya zamu, hadi wakaacha. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara haitoshi, kwani wakuu huhamishwa. Omba barua ya hospitali inayotaja siku zako za utafiti na nani atashika zamu zako.

Kibali cha kamati ya maadili kitangulie, ndipo uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Lakini ile barua ya hospitali ifuatilie wiki hii, kabla hujaandika ukurasa wa kwanza.